Kibao Nilichokisoma Bila Kukiona

Jumapili, 3 Mei 2026

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na hata kwenye maombi huwa nalipitia kando: mimi sioni ubaoni.

Si kwamba ni kipofu. Naona watu, naona njia, nazijua ndizi anazouza Mama, zilizoiva na zile bado. Lakini kitu kikienda mbali kidogo, katikati yake panaingia ukungu. Mtu anabaki nywele na nguo, hana uso. Ubao unabaki weusi wenye vumbi jeupe. Ilianza nikiwa darasa la sita, tulipokuwa bado tunaishi Migori mjini. Nilidhani watu wote huona hivyo, ila mimi ndiye mvivu wa kukaza macho. Tulipohamia huku Oyugis, Lynnet, ambaye ninakaa naye dawati moja, alisoma jina la duka lililokuwa ng'ambo ya barabara. Nikadhani anatania! Hakuwa anatania.

Kitabu nakiona, nikikileta karibu na pua. Ndiyo maana darasani naitwa Mnusaji. "Mnusaji, leo kitabu kinanuka nini?" Huyo ni Zadock, kila asubuhi. Nacheka pia. Afadhali wadhani ni mapenzi ya vitabu. (Na mapenzi yapo, si uongo.)

Jana kanisani nilisoma fungu mbele ya watu. Nilifungua Biblia, nikainamisha kichwa, sikuona hata neno moja. Huwezi kunusa Biblia mbele ya kanisa zima. Nikasema fungu lote kwa kichwa. Ndivyo nilivyolelewa: Shule ya Sabato, kila juma fungu jipya la kukariri, Mama akinisikiliza huku akichambua mboga. Nikisikia kitu mara chache kinakaa. Baada ya ibada mzee wa kanisa alimshika Mama mkono, akamwambia binti yake anasoma kama mtangazaji wa redio. Mama aliongea juu ya hilo njia nzima.

Basi. Nimeandika. Sasa lipo mahali fulani nje ya kichwa changu.

Jumanne, 5 Mei

Wageni wanakuja! Prinsipo Okari ametangaza paredini. Maafisa wa elimu wa kaunti, juma lijalo, kukagua jinsi tunavyowahudumia wanafunzi wenye ulemavu. Akasema si shule yetu peke yake, wanazunguka Homa Bay yote na wenzao wanazunguka Migori, kwa hivyo tusiogope. Aliposema tusiogope nikajua yeye ameogopa.

Mchana fundi alikuwa tayari anamwaga simiti. Njia ya mteremko, ya viti vya magurudumu. Imejengwa mlangoni mwa ofisi ya prinsipo! Darasa letu lina ngazi. Maktaba ina ngazi. Vyoo viko ng'ambo ya mtaro. Lynnet akaninong'oneza, "Kwani mwenye kiti cha magurudumu atasomea ofisini?" Nilicheka hadi Mwalimu Osoro akanitazama. Nadhani alinitazama. Alikuwa amegeukia upande wangu.

Hatuna mwanafunzi hata mmoja wa kiti cha magurudumu. Angefikaje?

Alhamisi, 7 Mei

Mwalimu Osoro ndiye deputi, na anatufunza hesabu. Leo aliingia na kabla hata ya kuketi akauliza: "Humu ndani kuna mlemavu yeyote? Ainue mkono." Hivyo tu, kama anayeuliza ni nani ameacha dirisha wazi.

Darasa likacheka. Zadock alivunjika mguu kwenye mpira mwezi jana, amefungwa plasta hadi gotini. Akainua gongo lake juu. "Sir! Mlemavu wa muda, mimi hapa!" Mwalimu akacheka naye, halafu akaacha kucheka. "Wewe ndiye hasa ninayekuhitaji. Jumanne utakaa mbele, wageni wakuone." Zadock alidhani ni mzaha. Si mzaha. Wameshamtafutia na kiti.

Mkono wangu ulikuwa juu ya meza. Haukuinuka.

Naogopa. Niandike kwa nini. Migori tulikuwa na jirani, mtoto anaitwa Austine. Walimpima macho, kisha akapelekwa shule maalum ya bweni, mbali, akawa anarudi likizo tu. Mama akisimulia hadithi hiyo husema, "Walikuja wakamchukua." Hakuna aliyewahi kusimulia kama Austine alifurahi huko. Huenda alifurahi sana! Sisi tulijua tu kwamba alichukuliwa. Na nyumbani kwetu tuko wawili, Mama na mimi.

Tena kuna hesabu. Mitihani midogo ya hesabu huandikwa ubaoni. Lynnet husoma swali kwa sauti ya chini huku akinakili, ni tabia yake, nami nanakili sauti yake. Siku ya mtihani hawezi kusoma kwa sauti. "Nyatichi," Mwalimu Osoro huniuliza, "lugha unazipepeta zote. Hesabu zilikukosea nini?" Mwakani ni KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Nataka chuo kikuu. Nataka kazi ambayo mtu analipwa kusoma, kama ipo.

Jumanne, 12 Mei

Niliandike lote kabla halijapoa.

Afisa mkuu wao anaitwa Madam Roselyn, anatoka kituo cha tathmini Homa Bay, kule wanakopimwa watoto wenye mahitaji maalum. Mfupi, viatu vya raba, sauti ya kucheka hata akiwa hachekei kitu. Prinsipo akampeleka moja kwa moja kwenye mteremko. Akaupanda, akasimama juu.

"Kutoka hapa naelekea wapi?"

"Ofisini, madam."

"Vizuri sana. Basi ofisi yako iko salama."

Hata walimu waligeuka kando kucheka.

Kisha akaletewa Zadock. Amechanwa nywele, shati limepigwa pasi, gongo mkononi. Madam akamuuliza mguu uliumia lini. Mwezi jana, madam, tulikuwa tunacheza fainali. Na plasta inatolewa lini? Mwezi ujao, madam. "Pole, omera, ndugu yangu, na upone haraka. Mimi natafuta wale wasio na plasta ya kutolewa." Zadock akatuambia baadaye kwamba amefutwa kazi.

Halafu akaingia darasani kwetu, akakaa nyuma kabisa, somo zima la jiografia. Hakuandika. Alikuwa anatutazama sisi, si mwalimu.

Baadaye vipimo. Masikio kwanza, kisha macho. Akatundika ukutani kibao cheupe chenye herufi, kubwa juu, ndogo chini. Akachora mstari sakafuni. Unasimama mstarini, unaziba jicho moja, unasoma. Sisi wengine kwenye foleni, humo humo.

Nilikuwa mwishoni mwa foleni. Watu wengi mbele yangu, kila mmoja anasoma kwa sauti, kutoka juu kwenda chini. Jicho la kulia. Jicho la kushoto. Mwingine. Mwingine tena.

Sikukusudia! Mwanzoni kweli sikukusudia. Kilianza kukaa chenyewe, kama fungu la Sabato. Nilipofika mstarini nilikuwa nacho kibao chote, na mbele yangu palikuwa na karatasi nyeupe yenye ukungu. Ningeweza kunyamaza. Nikamfikiria Austine. Nikafungua mdomo nikasoma. Mistari yote, macho yote mawili. Ule wa chini kabisa nilijifanya nahangaika kidogo, ili iwe na ladha ya kweli.

"Yawa!" Madam Roselyn akasema. "Haya ndiyo macho!"

Darasa likanipigia makofi. "Mnusaji amepita!" Nimekuwa mwenye macho bora kidato cha tatu kizima.

Nilienda nyuma ya maktaba nikalia.

Jumatano, 13 Mei

Madam Roselyn aliongea nasi paredini. Ninaandika maneno yake kadiri ninavyokumbuka, na mimi hukumbuka.

Alisema zamani wakija shuleni walikuwa wanauliza vitu. Mteremko upo? Upo. Choo kipo? Kipo. Mwalimu aliyesomea elimu maalum yupo? Yupo. Wanaweka ndiyo, ndiyo, ndiyo, wanaenda zao. Shule imejaa ndiyo, na ndani yake kuna mtoto asiyeweza kusoma jina lake. Sasa wanauliza juu ya mtoto. Anajifunza? Mwaka huu anajua nini ambacho mwaka jana hakukijua? Kama hakuna, shule ibadilishe nini, kaunti ilete nini. Kisha wanarudi kuona kama imefanyika. "Kurudi ndiyo kazi," akasema. "Kuja mara moja ni matembezi."

Halafu akasema hili. Mtahiniwa mwenye uoni hafifu anaweza kuombewa karatasi ya mtihani ya maandishi makubwa. Na muda wa kuongezwa. Lakini lazima awe amepimwa mapema na jina lake lipelekwe. Mtu asiyejulikana hawezi kuombewa chochote.

Uoni hafifu! Sikujua kama kuna jina. Nilidhani kuna kuona na kuna upofu, na mimi nimekwama mlangoni peke yangu.

Tukienda nyumbani Lynnet alitembea hatua mbele yangu. Si kawaida yake. Tulipofika kwenye mashine ya posho, wanakosaga unga, akasimama.

"Kile kibao ulikisoma vipi?"

Nikasema kwa macho.

"Osiepna." Rafiki yangu, kwa Kijaluo, huniita hivyo akiwa hana mchezo. "Wewe juzi umemsalimia dada yangu ukidhani ni mimi. Wewe huoni mpaka mtu aongee. Kwani ulidhani mimi nasoma ubao kwa sauti kwa nini? Napenda sauti yangu?"

Nikabaki nimesimama. Tangu kidato cha kwanza! Nikadhani ni tabia yake.

"Mbona hukuniambia unajua?"

"Mbona hukuniambia huoni?"

Tukaangaliana. Yaani, yeye aliniangalia. Halafu akaanza kucheka, na mimi pia, na mwenye mashine akatoka kuuliza tunacheka nini mlangoni pake.

Ijumaa, 15 Mei

Nimefanya.

Madam Roselyn alirudi leo kumalizia na prinsipo. Nilimngoja kwenye ule mteremko (umepata mtumiaji wake wa kwanza). Alipotoka nilikuwa nimepanga sentensi nzuri, yenye utangulizi. Ikapotea yote. Nikasema, "Madam, herufi zile nilizikariri."

Akaniuliza zipi.

"Zote. Niliwasikiliza wenzangu. Sikuona hata moja."

Akatazama huku na huku. Nikadhani amekasirika. Kumbe anatafuta pa kuketi. Akaketi kwenye ukingo wa simiti, na sketi yake nzuri, akajishika kichwa. "Mimi ndiye mjinga. Nimewapanga foleni mbele ya kibao, wote mnasikia! Ni shule ngapi nimefanya hivyo?" Hilo la mwisho hakuniuliza mimi.

Akatoa kibao kingine kwenye gari, tukaingia darasani wawili tu. Nilisoma herufi ya juu. Chini yake nikasema labda. Akasema labda haipo kibaoni. Tukacheka.

Nikamuuliza kama nitachukuliwa. Akauliza na nani? Nikamweleza habari za Austine. Hakucheka hapo. Akasema shule zile ni nzuri kwa anayezihitaji, na mzazi huamua akiwa ameelezwa, na kwamba wengi kama mimi hubaki pale pale walipo, ila shule ndiyo inayobadilika. Lakini hawezi kuahidi kitu kabla sijapimwa vizuri. Kituoni Homa Bay, Alhamisi ijayo. Na mzazi lazima aje.

Mzazi! Hapo ndipo penyewe.

Kabla ya kuondoka alizungumza na Mwalimu Osoro kwenye veranda. Sikusikia yote. Kipindi cha mwisho kilikuwa hesabu. Mwalimu aliingia, akachukua chaki, akaandika, na akasema kwa sauti kila alichoandika. Neno kwa neno! Mara ya kwanza alisahau katikati, akarudi nyuma akaanza upya. "Sir, kwani leo unafunza nasari?" Zadock akauliza. "Leo nafunza watu wote," Mwalimu akajibu. Hakutaja jina langu. Nilipata hesabu zote. ZOTE. Na Jared wa dawati la nyuma alibaki baada ya kipindi akimwambia Mwalimu kwamba sikio lake moja huwa halisikii.

Sabato, 16 Mei

Nilimwambia Mama baada ya ibada, tukiwa bado na nguo za kanisa. Nilichagua Sabato kwa sababu siku hii haendi sokoni, hawezi kunikimbia.

Akasema nisimtafutie maneno. Akasema macho yangu ni mazuri, kanisa zima ni shahidi. Nikasema nilikuwa nakariri. Akasema hakuna mtu anayekariri hivyo. Nikasema yeye ndiye aliyenifunza. Akainuka akaenda kwa jirani.

Jioni alirudi akaniuliza swali moja tu: "Ulimwambia mtu mgeni kabla ya kuniambia mimi?"

 

Jumatatu, 18 Mei

Mama haongei. Anapika, anasali, anaenda sokoni. Nimemuuliza kuhusu Alhamisi, akasema Alhamisi ina mzigo wa ndizi kutoka Kisii.

Jumanne, 19 Mei

Nilitoka shule, nikamkuta Mama upande wa pili wa uwanja wa ploti, karibu na kamba ya nguo. Nilimjua kwa leso yake.

"Simama hapo hapo!" akasema. "Nimeshika nini?"

Nikaona mkono umeinuka. Nikasema sijui, Mama.

"Angalia!"

Naangalia.

Akapiga hatua moja. Na sasa? Sijui. Nyingine. Sijui. Jirani yetu, Mama Bitutu, aliacha kufua akatutazama. Nilitaka kusema ndizi. Kwa Mama mara nyingi ni ndizi, ningepata. Lakini nilinyamaza. Alipokaribia kabisa nikaona: kijiko. Kijiko tu cha chai.

Akakishusha. "Tangu lini?"

"Darasa la sita."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Nikasema alikuwa karibu. Ndiyo maana hakujua. Yeye huwa namwona, kwa sababu huwa karibu. Nilisema hivyo kwa sababu ni kweli, lakini yeye akalia, kisha akamgeukia Mama Bitutu akamwambia nguo zake zinakauka na sabuni.

Jumatano, 20 Mei

Mama amenifulia sare ya kesho. Hajasema ni ya kwenda wapi. Lynnet anasema sare hiyo inajieleza yenyewe.

Ndizi zitapokelewa na Mama Bitutu.

Alhamisi, 21 Mei. Homa Bay

Naandikia kwenye benchi la kituo, daftari likiwa mapajani na pua juu yake, na hakuna anayenishangaa. Kuna msichana hapa anayesoma kwa vidole. Kuna mtoto na mama yake wanaongea kwa mikono, haraka haraka, na nadhani wanagombana. Anataka soda!

Tulifika mapema. Mama amevaa nguo ya Sabato. Mwanamke tuliyeketi naye akamuuliza kwa upole tumemleta nani. Mama akasema, "Sisi tumesindikiza tu." Nikatazama viatu vyangu. Yule mwanamke akasema sawa, akasogeza mkoba wake.

Halafu likaitwa jina langu. Benchi zima likajua ni nani amesindikizwa.

Chumba cha kwanza kuna mpimaji kijana, Bwana Fanuel. Akamuuliza Mama mtoto ana shida gani. Mama akasema, "Hana shida. Ni mtoto wa kusoma sana." Bwana Fanuel akaandika hivyo hivyo, akasema ni vizuri kuanza na hilo. Kisha akanisimamisha mwisho wa chumba, Mama akiwa kwenye kiti nyuma yangu, akaninyanyulia kadi.

Kulikuwa na weusi katikati ya weupe. Ningeweza kusema O. Mviringo mviringo hivi, O au C au G. Moja kati ya tatu, na Mama anasikia.

"Jaribu tu, bahatisha," akasema Bwana Fanuel.

Nikasema sitaki kubahatisha.

"Basi unaona nini?"

"Sioni."

Niliisema kwa sauti ya kanisani. Nyuma yangu kiti cha Mama kililia. Bwana Fanuel akasogea hatua moja, akainua kadi tena. Sioni. Akasogea tena. Sioni. Akasogea. Pale nikaiona vizuri, bila labda yoyote, nikaisema, naye akachora mstari sakafuni mahali aliposimama. Akamwita Mama aje ausimamie, aone umbali wake. Mama akaja na viatu vyake vya Sabato, akasimama juu ya ule mstari, akanitazama. Nilimwona uso wote.

Sasa tumerudi kwenye benchi. Tunangoja chumba cha pili, wanakojaribisha lenzi. Zinaweza kusaidia, zinaweza zisisaidie, Bwana Fanuel hajasema.  Mkoba wangu uko mapajani mwa Mama, ameushika kwa mikono miwili.

Mwanamke wa benchi ameuliza tena, kwa sababu ya kuchoka kungoja tu: nyinyi mmesema mmemsindikiza nani?

Mama amenitazama.

Nimemwambia ni mimi. Ninaitwa Nyatichi, niko kidato cha tatu, sioni mbali. Nimemuuliza na mtoto wake ana nini. Akaanza kunieleza, na Mama akasogea karibu ili asikie.